Kumbukumbu ya Mwanga: Meza za Kudhibitia Taa za Jukwaani na Jinsi Zilivyojifunza Kukumbuka

Utangulizi

Katika tamthilia nyingi za Kiswahili, msomaji hukutana na maelekezo mafupi ya jukwaani yanayohusu mwanga: taa zinafifia, giza linatanda, upande mmoja wa jukwaa unamulikwa. Darasani maelekezo haya hupitwa haraka. Mhakiki hushughulikia wahusika, dhamira, ploti na lugha. Mwanga huachiwa fundi. Isitoshe, maigizo mengi ya shule na vyuo vyetu hufanyika mchana, katika kumbi zenye madirisha mapana, na hivyo ni rahisi kudhani kwamba maneno "taa zinafifia" ni pambo tu la mwandishi. Ilhali katika ukumbi wenye vifaa kamili maneno hayo mawili ni tendo. Kuna mtu ambaye huamua kufifia huko kuchukue sekunde tatu au thelathini, taa ipi itangulie na ipi ibaki nyuma. Mtazamaji hulia au hucheka kutokana na uamuzi huo bila kujua kwamba umefanywa.

Makala haya yanaeleza jinsi uamuzi huo ulivyotekelezwa na, zaidi ya yote, jinsi ulivyohifadhiwa katika majumba ya maigizo ya Uingereza na Marekani, ambako vifaa vingi vinavyozungumziwa hapa vilibuniwa. Onyesho linapokwisha leo, nalo linatarajiwa kurudiwa kesho, mwanga wake hulala wapi? Kwa muda mrefu ulilala katika mikono ya fundi na katika karatasi zake. Kisha, kati ya miaka ya 1960 na 1980, ulihamishiwa ndani ya mashine. Mwanafunzi wa fasihi anaijua safari ya namna hii: ni safari ya utungo kutoka kinywani mwa fanani hadi kitabuni. Kama ilivyo katika safari hiyo, si kila kilichokuwapo kiliandikwa, na namna ya kuandika ilirithi mazoea ya waliokuwa wakikumbuka kwa mikono.

Mikono na Vyungu

Taa za gesi ziliingia katika majumba makubwa ya London, yakiwemo Drury Lane na Covent Garden, mwaka wa 1817. Mabomba yote ya gesi yaliletwa mahali pamoja pembeni mwa jukwaa, kwenye ubao wenye koki nyingi, na fundi akawa anafungua na kufunga. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa dhana ya meza ya taa: mahali pamoja ambapo mtu mmoja anaweza kuutawala mwanga wote. Mwaka wa 1881 jumba la Savoy, London, likawa jengo la kwanza la umma duniani kuangazwa lote kwa umeme, likiwa na balbu zipatazo 1,200.

Umeme ulileta tatizo jipya. Koki ya gesi hufungwa kidogo kidogo, lakini swichi ya umeme ina hali mbili tu. Ili taa ififie, ilibidi mkondo wa umeme upitishwe kwenye kitu kinachoukinza, na ukinzani huo uongezwe polepole. Njia mojawapo ya awali ilikuwa chungu cha maji ya chumvi. Kipande kimoja cha chuma kiliwekwa chini ndani ya maji, na kingine kikaning'inizwa juu yake. Kadiri kile cha juu kilivyoteremshwa kukikaribia cha chini, ndivyo umeme mwingi zaidi ulivyopita na taa ikawaka zaidi. Maji hayo yalipata moto, yakatoa mvuke na kupungua, na fundi akalazimika kuyaongeza. Baadaye vyungu viliondolewa na badala yake zikatumika nyaya zilizozungushwa kwenye sahani, zikiongozwa na wenzo. Umeme uliozuiliwa haukupotea bure. Uligeuka kuwa joto, na kazi ya fundi wa taa ikawa kazi ya kutokwa jasho kwa maana halisi ya neno hilo.

Nchini Uingereza nyenzo hizo zilipangwa katika safu na kuunganishwa na vyuma virefu vilivyozungushwa kwa gurudumu. Fundi angeweza kukamatisha nyenzo kumi kwenye chuma kimoja na kuzisogeza zote kwa pamoja. Lakini ikiwa taa tano zilitakiwa kupanda huku tatu zikishuka kwa kasi tofauti, mikono haikutosha; viwiko na magoti vilisaidia. Katika majumba ya Broadway, New York, mtindo ulikuwa mwingine. Nyenzo zilipakiwa katika makasha makubwa yaliyofanana na makasha ya kusafirishia piano, na kwa hiyo yakaitwa kwa jina la ala hiyo. Onyesho kubwa lilihitaji makasha kadhaa na mafundi kadhaa, na kila fundi alikuwa na karatasi yake. Karatasi hiyo haikumweleza jukwaa zima lilivyotakiwa kuonekana. Ilimweleza nyenzo zake tu: wenzo wa nne upande hadi saba, wa tisa ushuke hadi mbili, iliyobaki isiguswe. Jambo hili litarudi baadaye, kwa sababu athari yake ni kubwa kuliko linavyoonekana hapa.

Kinanda cha Mwanga

Mwingereza Frederick Bentham (1911–2001) aliingia katika kampuni ya Strand Electric mwaka wa 1932 akiwa na shauku ya kucheza mwanga kama muziki. Mwaka wa 1935 alionyesha meza aliyoitengeneza kwa kutumia kinanda kikubwa cha aina ya vile vya kanisani na vya majumba ya sinema, kilichoundwa na kampuni ya vinanda ya Compton. Fundi aliketi, akalitazama jukwaa, akabonyeza vibao kwa vidole na kukanyaga kwa miguu. Vipunguza-mwanga vyenyewe vilikuwa mbali, vikisukumwa na mota. Mnamo mwaka wa 1941 meza ya namna hiyo iliwekwa katika jumba la Palladium, London.

Mtu anaweza kuicheka fikra hii ya kugeuza mwanga kuwa wimbo, na wapo walioicheka. Lakini ndani ya kinanda kile mlikuwa na kitu ambacho meza za awali hazikuwa nacho. Vinanda vikubwa vina vifungo ambavyo mpigaji huvitumia kuita kundi zima la sauti alilolipanga mapema. Bentham alivitumia kwa taa. Kwa mguso mmoja, fundi aliweza kuliita kundi la taa alizotaka kuzisogeza. Hiyo ilikuwa kumbukumbu, ingawa ilikuwa nusu: meza ilikumbuka ni taa zipi zitakazosogea, lakini haikukumbuka zisogee hadi wapi. Kiwango kilibaki kuwa mali ya sikio, jicho na mkono wa mchezaji.

Nusu ya pili ilitafutwa kwa njia nyingine. Mwaka wa 1947, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, George Izenour alikamilisha mfumo uliotumia vali za kioo zenye gesi badala ya nyaya za ukinzani. Umuhimu wake ni kwamba umeme dhaifu sana uliotoka mezani uliweza kutawala umeme mkubwa ulioziendea taa. Kwa kuwa wenzo haukubeba tena mzigo wa taa yenyewe, uliweza kuwa mdogo kama kidole na kurudiwa mara nyingi. Izenour aliweka safu kumi za nyenzo hizo. Safu ya kwanza ilipangwa kwa picha ya kwanza ya mwanga, ya pili kwa picha inayofuata, na kadhalika. Fundi alihama kutoka safu hadi safu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kifaa cha silikoni kiitwacho thairista, ambacho kampuni ya General Electric ilikibuni mwaka wa 1957, kilianza kuchukua nafasi ya vali. Njia ya safu nyingi ikaenea. Hata hivyo ilikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ni wa hesabu tu. Jukwaa lenye taa 100 na safu kumi linahitaji nyenzo 1,000, na onyesho lenye vidokezo themanini bado linahitaji msaidizi anayekimbia huku na huku akizipanga upya safu zilizokwisha kutumika wakati waigizaji wanaendelea. Katika baadhi ya majumba ya Ulaya kadi zilizotobolewa zilitumika kupunguza kazi hiyo. Ziliusogeza mbele mpaka, hazikuuondoa.

Pete Zinazokumbuka

Jibu lilitoka kwenye kompyuta, na msukumo mkubwa wa kulitafuta ulitoka kwenye televisheni. Katika tamthilia ya jukwaani taa huwekwa mara moja na kutumika kwa majuma au miezi. Katika studio ya televisheni kila kipindi kina mandhari yake, na vipindi hupishana kila siku. Katika miaka ya 1960 mhandisi wa BBC, Tony Isaacs, alibuni mfumo uliotengenezwa na kampuni ya Thorn kwa jina la Q-File. Badala ya safu za nyenzo kulikuwa na vitufe vya nambari. Fundi aliita taa kwa nambari yake, akairekebisha, kisha akabonyeza kitufe cha kuhifadhi picha yote kama ilivyoonekana.

Picha hiyo iliwekwa wapi? Iliwekwa katika pete ndogo sana za feraiti, aina ya udongo wa chuma unaoshika usumaku. Teknolojia hii ilikuwa imekomazwa katika kompyuta za Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kila pete ina upana mdogo kuliko punje ya mtama, na nyaya nyembamba hupitishwa katikati yake, kama uzi katika ushanga. Kazi ya kuzitunga ilifanywa zaidi kwa mikono, mara nyingi na wanawake waliotumia darubini. Pete inaweza kutiwa usumaku unaozunguka kuelekea upande mmoja au mwingine. Upande mmoja husomwa kama moja na wa pili kama sufuri. Nyaya hupangwa kwa safu za wima na za mlalo. Ukipitisha nusu ya mkondo unaohitajika katika waya mmoja wa wima na nusu nyingine katika waya mmoja wa mlalo, pete moja tu, ile iliyo katika njia panda, ndiyo hupata mkondo kamili na kugeuka. Nyingine zote hupata nusu, na nusu haitoshi kuzigeuza.

Namna pete inavyosomwa ni ya ajabu zaidi. Ili kujua inakumbuka nini, mashine huiamuru iwe sufuri. Ikiwa ilikuwa moja, itageuka, na kugeuka huko kutaamsha umeme mdogo katika waya mwingine unaosikiliza. Ikiwa ilikuwa sufuri tayari, waya utabaki kimya. Kwa maneno mengine, kusoma ni kufuta, na mashine hulazimika kuandika upya papo hapo kile ilichokisoma ili kisipotee. Mtafiti wa fasihi simulizi, aliyezoea wazo kwamba masimulizi huishi kwa kusimuliwa upya, ataona mfano huu haraka. Asiusukume mbali mno, kwani pete, tofauti na bibi msimulizi, hurudisha kilekile ilichopewa.

Ukubwa wa kazi hiyo unaweza kukadiriwa kwa mfano. Tuseme kiwango cha kila taa kinaandikwa kwa biti nane, yaani pete nane, ambazo zinaweza kuonyesha hatua 256 kutoka giza hadi mwanga kamili. Taa 100 zitahitaji pete 800 kwa picha moja. Vidokezo 100 vitahitaji pete 80,000. Simu ya mkononi ya kawaida leo hubeba kiasi hicho katika picha ndogo ya uso wa mtu, lakini wakati ule kilijaza kabati na kugharimu fedha nyingi.

Pete zilikuwa na sifa moja ambayo mafundi waliithamini: hazikuhitaji umeme ili kukumbuka. Meza ilizimwa usiku, na kesho yake picha zote zilikuwapo. Kumbukumbu za silikoni zilizozifuata katika miaka ya 1970 zilikuwa ndogo na za bei nafuu, lakini nyingi zilisahau kila kitu mara umeme ulipokatika. Watengenezaji wakaongeza betri ndani ya meza, na wakaweka kanda za kaseti au diski laini za kuhifadhi nakala. Mwanafunzi wa Kenya aliyewahi kupoteza kurasa kumi za tasnifu kwa sababu stima zilipotea hahitaji kuelezwa zaidi kuhusu hofu ya fundi wa zama hizo.

Jukwaa la Broadway lilichelewa. Baadhi ya majumba yake yalikuwa bado yakipata umeme wa mkondo mnyoofu, ambao haukufaa vipunguza-mwanga vya thairista. Mwaka wa 1975 tamthilia ya muziki A Chorus Line ilipohamia katika jumba la Shubert, msanifu wa mwanga Tharon Musser (1925–2009) aliitumia meza ya kompyuta ya aina ya LS-8, kutoka kampuni ya Electronics Diversified. Hiyo ndiyo iliyokuwa meza ya kwanza ya kumbukumbu katika onyesho la Broadway. Tamthilia hiyo inahusu wacheza ngoma wanaofanyiwa majaribio ya kuajiriwa. Mara kwa mara mmoja wao hutoka mstarini na kuingia katika mawazo yake ya ndani, na jukwaa lililo tupu hubadilika kwa mwanga pekee. Mabadiliko hayo yalilazimika kuwa ya ghafla na sahihi kila usiku. Mwaka wa 1976 Musser alitunukiwa tuzo ya Tony kwa kazi hiyo, na onyesho likaendelea hadi Aprili 1990 baada ya kuchezwa mara 6,137. Kwa mafundi wa makasha habari haikuwa njema vilevile, kwa kuwa kazi ya watu kadhaa iliweza sasa kufanywa na mmoja.

Picha Nzima au Badiliko Tu?

Hapa ndipo suala linapomhusu mwanafunzi wa fasihi kwa karibu zaidi. Mashine inapoambiwa "kumbuka", ikumbuke nini hasa? Kulikuwa na majibu mawili, na tofauti yake haikutokana na umeme.

Jukwaa na liwe na taa tatu: ya mlango, ya kiti na ya anga. Katika kidokezo cha kwanza taa ya mlango iko katika asilimia 50, ya kiti 80, ya anga 20. Katika kidokezo cha pili anga inapambazuka hadi 60. Meza za Uingereza za miaka ya 1970 kwa kawaida ziliandika picha nzima ya kidokezo cha pili: mlango 50, kiti 80, anga 60. Meza za Marekani zilizojengwa kwa mtindo wa ufuatilizaji, na maarufu miongoni mwazo ni Light Palette ya mwaka wa 1980, ziliandika badiliko tu: anga 60. Vingine viliendelea kama vilivyokuwa.

Kwa mtazamaji hakuna tofauti. Tofauti hutokea mwongozaji anaposema, "Huyo mama kitini haonekani vizuri, mwongezeeni mwanga tangu mwanzo." Fundi anabadilisha kidokezo cha kwanza, kiti kiwe 90. Katika mtindo wa ufuatilizaji, kiti kitabaki 90 katika kidokezo cha pili, cha tatu na kuendelea, mpaka kiambiwe vingine. Katika mtindo wa picha nzima, mara kidokezo cha pili kinapoitwa, mama huyo anarudi polepole kwenye 80 bila ya mtu kukusudia, na fundi ana kazi ya kupitia kila picha na kuirekebisha. Kwa upande mwingine, kosa moja katika ufuatilizaji huenea kama uvumi: taa iliyosahauliwa katika onyesho la kwanza inaweza kuonekana ikiwaka katika giza la mwisho, pale mwandishi alipoandika kwamba jukwaa ni giza tupu.

Chanzo cha mitindo hii ni mikono ya zamani. Fundi wa kasha la Broadway aliandikiwa nyenzo anazopaswa kusogeza tu, asichoambiwa hakukigusa. Meza ya ufuatilizaji ilimrithi. Uingereza ilikuwa imezoea safu ambazo kila moja ni picha kamili ya jukwaa, na majumba yake makubwa yalibadilisha tamthilia karibu kila usiku, kwa hiyo kuruka moja kwa moja hadi picha yoyote kulikuwa na faida. Mwaka wa 1976, jumba la National Theatre la London lilipofunguliwa, kumbi zake za Lyttelton na Olivier zilipewa meza ya kompyuta iitwayo Lightboard kwa mahitaji ya namna hiyo. Meza za baadaye ziliruhusu mitindo yote miwili, na mafundi hawajaacha kubishana.

Jambo jingine ni muda. Baadhi ya meza za awali zilihifadhi viwango bila ya kuhifadhi kasi. Mashine ilijua mwanga unatoka wapi na unaelekea wapi; mwendo wa safari uliamuliwa na mkono wa fundi kila usiku, kwa kufuata pumzi ya mwigizaji. Kumbukumbu ya muda ilipoingia, kufifia kukawa sawa kila usiku kwa sekunde na nusu sekunde, na mwigizaji aliyenyamaza kwa muda mrefu kuliko jana akajikuta ameachwa gizani. Kilichobaki mkononi mwa binadamu ni kitufe kimoja cha kuanzisha. Ni kidogo, lakini usanii wa kujua lini kibonyezwe haujaandikwa katika pete wala diski yoyote.

Kilichobaki

Nyingi za meza hizi zimetupwa. Mwaka wa 1986 kiwango cha DMX512 kilisawazisha lugha ambayo meza huongea na vipunguza-mwanga, lakini hakikusawazisha namna ya kuyahifadhi maonyesho yenyewe. Diski iliyoandikwa na meza moja haisomwi na nyingine. Betri za kale huvuja na kula bodi zilizokusudiwa kuzilinda. Utando wa sumaku wa diski laini huharibika. Pete za feraiti ndizo zenye subira zaidi, lakini pete bila mashine yake ni ushanga tu.

Hata nambari zikiokolewa, tatizo halijaisha. Asilimia 40 ya balbu yenye waya wa ndani ni mwanga wenye wekundu na joto, kwa kuwa waya huo hubadilika rangi unapopoa. Asilimia 40 ya taa ya LED ni mwanga uliopungua tu, isipokuwa taa iwe imeundwa kuiga wekundu ule. Mtafiti anayetaka kujua mwanga wa A Chorus Line ulikuwaje hana budi kurudi kwenye karatasi za Musser: michoro, majedwali na vidokezo vilivyoandikwa kwa mkono, ambavyo Maktaba ya Umma ya New York imevihifadhi katika tawi lake la sanaa za maonyesho. Katika onyesho hilo la kwanza la Broadway kukabidhiwa mashine ya kukumbuka, kinachosomeka leo ni kalamu.